Lori likichemsha Kichwamba, asilaumiwe dereva peke yake

Lori lenye tela, liwe limepakia chumvi Katwe-Kabatoro au limetoka mpakani Mpondwe kupitia Bwera, huenda vizuri kwenye tambarare ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Likishavuka mfereji wa Kazinga kuelekea Mbarara, barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kichwamba. Hapo injini huchemsha, na lawama zote humwangukia dereva.

Si haki. Lori zito likipanda polepole, injini hutumia nguvu nyingi huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa mdogo. Dereva mzoefu huingiza gia ndogo kabla ya mlima na hutazama geji ya joto. Mshale ukipanda, husimama mahali salama, huacha injini iungurume taratibu ipoe, wala hagusi kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, maana mvuke wake huunguza uso.

Lakini dereva aliyezidishiwa mzigo na kuhesabiwa saa na tajiri wake atasimama lini? Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56, lori na mzigo wake. Matajiri wakiheshimu. Serikali nazo zihakikishe kuna maegesho yenye maji chini na katikati ya mlima. Kongo imeingia katika Jumuiya tangu 2022. Soko hilo kubwa linapita juu ya matairi haya haya.