Winga aliyeogopa kulala ugenini

 Wiki hii sina utani mwingi. Mjomba wangu wa Mwanza amepiga simu.

Ngoja nianze mwanzo. Nilipomaliza kidato cha nne, mjomba aliniita nikamsaidie dukani kwake. Dar nzima ikaniaga, mama akanikaangia samaki wa njiani, nikapanda basi kifua mbele. Siku ya kumi na tisa nikarudi. Sikufukuzwa, sikuugua malaria, mjomba wala hakunitesa. Nilikuwa nimekumbuka nyumbani tu. Usiku nalala macho makavu, chakula hakipiti, moyo unakwenda mbio kama nimefumaniwa. Nikaaga kwa uongo kwamba mama anaumwa.

Kijiweni nilichekwa mpaka basi. "Mtoto wa mama karudi kunyonya!" Jina hilo lilinikaa mwaka mzima. Wakati ule nilijua ni mimi peke yangu duniani mwenye moyo wa kuku. Kumbe yupo mwanaume mmoja Hispania, bingwa wa dunia kabisa, ana historia kama yangu. Anaitwa Jesús Navas.

Kama wewe ni mtu wa soka unamjua. Winga wa kulia, mwembamba kama njiti ya kiberiti, mbio zake usipime, krosi zake zinatua kichwani kwa mshambuliaji kama zimepimwa kwa rula. Alizaliwa Novemba 1985 kwenye mji mdogo unaoitwa Los Palacios y Villafranca, pembeni kidogo tu ya jiji la Sevilla. Timu yake ni hiyo hiyo Sevilla, ile iliyokuja Dar Mei 2019 ikaifunga Simba mabao 5-4. Aliingia timu kubwa Novemba 2003, ndiyo kwanza ametimiza miaka 18.

Uwanjani alikuwa simba. Tatizo lilikuwa begi la safari. Timu ikienda kuweka kambi mbali na nyumbani, kijana alishikwa na hofu kali, mwili unakataa, inabidi arudishwe kwao. Hata kambi ya timu ya taifa ya vijana ilimshinda. Mwaka 2006 Chelsea ya London walimtaka. Hebu fikiria, Chelsea ya enzi zile, noti nje nje! Dili likafa. Angeishije London mtu ambaye hata kulala wiki mbili nje ya Sevilla ni vita?

Hapo ndipo kijiwe chetu kingesema, "Huyo basi, kaisha." Lakini hakuisha. Alichofanya ni kitu ambacho sisi wanaume wa mjini tunakiona aibu. Alikubali kuwa ana tatizo, akapata wataalamu wa kuzungumza naye, klabu na familia wakamvumilia. Akaanza taratibu, hatua kwa hatua. Na huku nyumbani hakukaa bure, maana Sevilla ilitwaa Kombe la UEFA mwaka 2006 na tena 2007, yeye akiwa winga.

Agosti 2007 likamkuta kubwa jingine. Rafiki na mchezaji mwenzake, Antonio Puerta, alianguka uwanjani kwenye mechi dhidi ya Getafe, akafariki siku tatu baadaye. Jezi ya Puerta ilikuwa namba 16. Miaka ilipokwenda, Navas ndiye aliyekuja kuivaa hiyo 16. Sasa ndugu msomaji, mtu anayebeba jezi ya marehemu mgongoni kila Jumapili, utamwita mwoga?

Timu ya taifa ya wakubwa aliichezea kwa mara ya kwanza Novemba 2009. Miezi michache baadaye akapanda ndege kuja Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia. Yule aliyeshindwa kambi za karibu, sasa yuko bara jingine kabisa! Fainali ilikuwa Julai 11, 2010, Johannesburg, Hispania na Uholanzi. Aliingia dakika ya 60 badala ya Pedro. Dakika ya 116, wakati kila mtu miguu imeisha, Navas aliuchukua mpira huko nyuma akakimbia nao upande wa kulia hadi nusu ya Uholanzi. Ukapita mguu huu na ule, ukafika kwa Iniesta, bao. Wote wanamkumbuka Iniesta, na ni haki yake. Lakini zile mbio zilizoanzisha safari ya bao zilikuwa za mtoto wa mama.

Mwaka 2012 wakachukua na Kombe la Ulaya. Halafu 2013, akiwa na miaka 27, yeye mwenyewe akaondoka nyumbani kwenda Manchester City. Jiji la mvua na baridi! Novemba mwaka huo aliwafunga Tottenham zikiwa zimepita sekunde kama 14 tu tangu mpira uanze, mechi ikaisha 6-0. Akachukua ubingwa wa England. Alikaa misimu minne, hakukimbia hata siku moja.

Mwaka 2017 alirudi Sevilla. Angalia tofauti hiyo, wasomaji wangu. Kurudi kwa sababu umeshindwa kukaa ni jambo moja, kurudi kwa sababu umemaliza kazi na unapenda kwenu ni jingine. Mbio zilipopungua kidogo akashuka kucheza beki wa kulia, akatwaa tena kombe la Ulaya na Sevilla, Ligi ya Europa ya 2020 na ya 2023. Mwaka 2024, akiwa na miaka 38, nyonga inamuuma kiasi kwamba baada ya mechi kutembea ni shughuli, alipangwa nusu fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Ufaransa ya Mbappé. Mbele yake upande huo huo alikuwapo Lamine Yamal, dogo wa miaka 16 ambaye Navas alipoanza soka alikuwa hajazaliwa. Wakashinda, na kombe wakabeba. Katika kikosi kile ni yeye peke yake aliyebaki kati ya mabingwa wa dunia wa 2010.

Desemba 2024 akatundika daluga. Siku anawaaga watu wa nyumbani alipiga magoti akabusu nyasi za uwanja wa Sevilla huku analia. Mechi ya mwisho ilikuwa Madrid, na wachezaji wa Real wakapanga mistari miwili kumpigia makofi. Mechi zaidi ya 700 kwa klabu moja, rekodi ya Sevilla.

Nimeisoma habari yake mara tatu wiki hii, na kila mara nafika pale pale. Hakupona kwa kuchekwa. Hakupona kwa kujikaza kisabuni pia. Alipona kwa kusema, "Jamani, mimi hili linanishinda," na waliomzunguka wakamsikia.

Sasa turudi kwa mjomba. Amesema duka limekuwa kubwa, ananihitaji tena. Safari hii sikusema ndiyo haraka haraka kama mwanzo. Nilimeza mate, nikamwambia ukweli wote: kwamba mama hakuwa anaumwa siku ile, na kwamba usiku nilikuwa silali. Simu ikanyamaza kidogo. Nikajua leo natukanwa. Mzee akasema, "Mwanangu, mimi nilipofika Mwanza nililia mwezi mzima. Kwa nini hukuniambia?"

Tiketi nimekata, basi ni Jumatatu alfajiri. Tumekubaliana wiki mbili za kwanza, kisha nirudi kuwaona, halafu mwezi. Taratibu. Kijiwe kicheke kitakavyo.

Panapo majaliwa, safu ya wiki ijayo nitaiandikia Mwanza. Mama, usinililie stendi tafadhali, nitashuka!