Bibi, msesewe na jipu la mjukuu

Desemba iliyopita tulipanda Sanya Juu kama ilivyo kawaida yetu watu wa Kilimanjaro, gari limejaa mchele, soda na watoto. Mwanangu wa pili, miaka sita, alikuwa na jipu nyuma ya paja. Kabla hatujatoka Moshi nilishapita duka la dawa na kuomba amoksilini ya maji, nikauziwa bila kuulizwa cheti. Nilimpa siku tatu, jipu likanywea, nikafunga chupa na kuihifadhi "kwa siku nyingine". Wazazi wenzangu, najua mnacheka. Wengi wetu tuna chupa hiyo, ingawa dawa ikishachanganywa na maji haikai zaidi ya wiki moja au mbili.

Siku ya pili ya Krismasi jipu lilirudi na homa, na wekundu ukawa unateremka kuelekea gotini. Nikampa dawa iliyobaki, haikusaidia kitu. Mama mkwe alitazama mara moja, akachukua panga, akarudi na gamba la msesewe.

"Hizo dawa zenu za maji wadudu wameshazizoea, mwanangu," aliniambia akiwasha moto. "Hili ni chungu. Halizoeleki."

Nilimpa mtoto vijiko viwili. Sikuwa na imani nalo sana, lakini nani anamkatalia mama mkwe jikoni kwake? Alfajiri mtoto alikuwa mzito, anasinzia hata akiitwa. Tukakimbia hospitali.

Daktari alipasua jipu, akachukua usaha wa kupeleka maabara kuoteshwa, kisha akauliza: kuna dawa nyingine amepewa, ya hospitali au ya kienyeji? Nikajibu hakuna. Sijui kwa nini. Aibu tu, kuonekana mshamba mbele ya koti jeupe.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. "Daktari, amepewa msesewe," akasema. "Vijiko viwili, jana saa mbili usiku."

Daktari hakumkaripia. Aliandika, akamshukuru, akaagiza presha ya mtoto ipimwe mara kwa mara. Baadaye alinieleza sababu, na ndiyo iliyonifanya niandike wiki hii.

Msesewe, kwa wasioufahamu, ni mti ambao gamba lake huipa mbege uchungu. Wengine huuita kwinini, lakini si mkwinini. Kitaalamu ni Rauvolfia caffra. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyewapa wataalamu reserpini mwaka 1952, dawa iliyotibu shinikizo la damu kwa miaka mingi. Reserpini hushusha presha na huleta usingizi. Sasa fikiria daktari ana mtoto anayesinzia. Je, bakteria wameingia kwenye damu, au ni gamba la bibi? Kila jibu lina matibabu yake, na mimi nilikuwa nimemficha nusu ya habari.

Majibu ya maabara yalipotoka, bakteria alikuwa sugu kwa amoksilini. Mtoto alibadilishiwa dawa, akamaliza dozi yote, akapona. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa sahihi kuhusu dawa yangu: wadudu walishaizoea. Je, kuhusu gamba?

Hapo kuna jambo la kushangaza. Bakteria wa majipu, stafilokokasi, ana mbinu kadhaa za kushinda dawa. Mojawapo ni pampu: dawa ikiingia mwilini mwake huitoa nje haraka, kama unavyochota maji jikoni mvua ikiingia ndani. Kwenye maabara, watafiti waliona kwamba reserpini huzuia pampu hiyo, na dawa iliyokuwa imeshindwa ikaanza kuua tena. Nilipomsimulia mama mkwe hili alinyamaza kwa raha.

Lakini kiasi cha reserpini kinachohitajika kuzuia pampu ni kikubwa kuliko mwili wa binadamu unavyoweza kuvumilia, sembuse wa mtoto wa miaka sita. Tena stafilokokasi anayeishinda amoksilini kwa kawaida hategemei pampu. Anatengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa vipande. Kuzuia pampu hapo ni kufunga dirisha wakati mwizi kapita mlangoni.

Ndiyo maana habari za "mti unaoua bakteria sugu", zinazozunguka kwenye simu zetu kila wiki, huwa kweli na huwa hazitoshi. Mtafiti huweka utomvu kwenye kisahani chenye bakteria; wakifa, panabaki duara safi. Mimea yetu mingi huacha duara. Jiki nayo huacha duara. Swali gumu linakuja baadaye: ni kiasi gani kinafika kwenye jipu baada ya kupita tumboni na kwenye ini, na kinafanya nini njiani. Watu wanalifanyia kazi. Muhimbili walianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, ambacho leo ni taasisi kamili. Mimea imeshawahi kutupa kwinini na artemisinini dhidi ya malaria. Kwa bakteria imekuwa ngumu zaidi: penisilini ya mwaka 1928 ilitokana na ukungu, na streptomaisini ya mwaka 1943, dawa ya kwanza ya kweli ya kifua kikuu, ilitoka kwa bakteria wa udongoni.

Na sisi wa Siha hatuhitaji kusimuliwa usugu ni nini. Kibong'oto iko hapa kwetu, ikihudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926, na mwaka 2009 ndiko matibabu ya kifua kikuu sugu yalikoanza nchini. Wagonjwa wa wakati ule walitumia dawa kwa karibu miaka miwili, pamoja na sindano za miezi kadhaa. Kukatisha dozi ni mojawapo ya njia zinazozaa usugu huo. Wengine mnakumbuka 2011, foleni za kwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao.

Mnaoniandikia kuuliza kama mchemsho una ubaya: kwa mtoto wa chini ya miezi sita, hapana kabisa, ni maziwa ya mama na dawa ya daktari basi. Usipake majani au udongo kwenye kidonda kibichi, pepopunda hupitia huko. Wekundu unaosambaa, homa, degedege, mtoto asiyeamka vizuri au asiyenyonya, usisubiri chochote kichemke. Na ukiulizwa amepewa nini, taja yote, pamoja na ile chupa ya dukani uliyoikatisha. Mimi hiyo pia sikuisema mpaka nilipobanwa.

Chupa nimeirudisha dukani waiteketeze. Mama mkwe alitaka kujua kama msesewe sasa umepigwa marufuku nyumbani. Nikamwambia kwa watoto, ndiyo. Pasaka alitengeneza mbege, akanijazia kibuyu mimi wa kwanza, akasimama pale kuangalia kama nitakunja uso.