Mbwa Siyo Toothless (Watoto na Skrini, Sehemu ya 4)

Mama zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona. Tunaendelea na mfululizo wetu. Sehemu ya tatu tuliongea usingizi. Leo nataka tuongee zile muvi ambazo mtoto anakuwa rafiki wa dude kubwa kuliko nyumba. Joka, sokwe, chochote. Post ni ndefu, bandika maji ya chai kwanza.

Kuna mtoto wa kiume, miaka sita (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane), aliletwa jioni mkono umefungwa kipande cha kanga. Kang'atwa na mbwa wa mtaani, hana mwenyewe. Mama analia kuliko mtoto. Kufungua ile kanga, kidonda kimejazwa pilipili ya unga, jirani alishauri. Nikaanza kuosha, na huku naosha namuuliza, ilikuwaje baba, alikuwa anakukimbiza? Akasema hapana. "Mimi ndio nilimfuata. Nilikuwa namfanyia hivi." Akanyoosha ule mkono mzima mbele, kiganja wazi, akanikazia macho.

Nilimwelewa hapo hapo, kwa sababu wa kwangu nyumbani anamfanyia paka hivyo hivyo. Ile ni ishara ya Hiccup.

Kwa ambao hamjaiona, How to Train Your Dragon ni hadithi ya kijana ambaye kwao wanaishi kwa kupigana na majoka. Anamwangusha joka mmoja mweusi, anaenda na kisu kummaliza, anashindwa, anamkata kamba. Baadaye wanakuwa marafiki, joka anaitwa Toothless. Ya katuni ilitoka 2010, na 2025 wakaitoa tena na waigizaji watu, joka akatengenezwa kwa kompyuta. Huyu mtoto aliiona kwa jirani, kwenye flashi, ile ya kutafsiriwa.

Mama yake akaniambia, "Nesi, leo hii naivunja hiyo flashi. Hakuna tena mambo ya mazimwi kwangu." Na najua hapa kwenye ukurasa wapo mnaofikiri hivyo, mlishaniandikia kwenye post ya kwanza kwamba muvi hizi zinaingiza mapepo. Mimi sikubaliani. Namheshimu yule mama na uchungu wake, ila sikubaliani.

Kwanza nilirudi nyumbani nikaiangalia ile muvi tena, safari hii kwa macho ya nesi. Jamani, yule kijana hakosei hata hatua moja! Anakuja na samaki. Joka anamngurumia kwa sababu kaona kisu, kijana anakitoa, anakiangusha chini, anakisukuma kwa mguu mpaka majini. Anakaa mbali. Anachora mchangani, joka naye anachora, kijana akikanyaga ule mchoro joka ananguruma, akitoa mguu joka anatulia, anajifunza kupita bila kukanyaga. Ndipo unakuja ule mkono. Na angalieni vizuri: anaponyoosha mkono anageuza uso pembeni, hamtazami. Mkono unabaki hewani, haufiki. Anayesogea ni joka. Joka ndiye anayeweka pua yake kwenye kiganja.

Mtoto wetu alichukua mkono tu. Aliacha samaki, aliacha kisu, aliacha kugeuza uso, na akasogea yeye.

Simlaumu. Kipande chote kile cha kusubiriana karibu hakina maneno, ni muziki tu, na kwenye zile za kutafsiriwa hapo ndipo DJ anapoingiza utani wake kujaza ukimya. Kwa hiyo mtoto anacheka utani, halafu pua inagusa kiganja, tayari, urafiki. Subira imepita hakuiona. Mtu mzima akiwa pembeni angesema neno moja tu, "angalia, hajamshika kwa nguvu." Lakini mtu mzima yuko jikoni, au yuko kwenye simu, na mimi nikiwemo.

Upande wa pili, hizi muvi zina kitu ambacho sitaki watoto wetu wakikose. Bibi zetu walitusimulia zimwi, na kazi ya zimwi ilikuwa moja, akudanganye kisha akule. Tulijifunza kukimbia na kuwa wajanja, na ilitufaa. Ila kumhurumia dude hakuna aliyetufundisha. Angalia Godzilla vs. Kong ya 2021. Kuna binti mdogo kiziwi, Jia, na mtoto aliyeigiza ni kiziwi kweli. Watu wazima wamemfunga Kong minyororo kwenye meli, wana vipimo vyote, na hakuna anayejua kwamba Kong anaongea naye kwa lugha ya alama. Anapoonekana akifanya alama ya nyumbani, wote wanaduwaa. Mtoto kiziwi ndiye alikuwa anamsikia. Nina mama mmoja mwanae hasikii, aliniambia mtoto wake aliirudisha hiyo sehemu mpaka umeme ukakatika. Hiyo nayo nivunje flashi?

Sasa ukubali au ukatae, mtoto wa miaka minne mpaka saba bado hajatenganisha vizuri dude la kwenye skrini na mnyama wa nje ya geti. Hapo ndipo penye kazi yetu. Mimi wangu niliwaonyesha dude linavyotengenezwa. Kong wa kwanza, wa 1933, alikuwa mdoli wa kama sentimita 45, amevalishwa manyoya ya sungura, wanamsogeza kidogo wanapiga picha, wanamsogeza tena wanapiga picha. Kong wa 2005 ni mtu, Andy Serkis, kabandikwa vidoa usoni ili kompyuta isome anavyokunja sura. Huyo alisafiri mpaka Rwanda kwenda kuwaangalia sokwe wa milimani kabla ya kuigiza. Mwanangu aliuliza, kwa hiyo yule dada alikuwa anamlilia mtu? Nikamwambia ndiyo, alikuwa anamlilia mtu. Akafikiri, akasema basi ndio maana hakumng'ata. Nikaona somo limeingia.

Na msidhani ni mambo ya wazungu wa mbali tu. Huku kwetu Momella, chini ya Mlima Meru, ndiko walikopigia Hatari! ya John Wayne, ikatoka 1962. Hakuna kompyuta, wanyama wote wa kweli. Yule dada Elsa Martinelli anafuatwa na tembo wachanga kama vifaranga, anawaogesha bwawani. Watu duniani wameikumbuka miaka yote hii kwa sababu ya wale tembo. Lakini ndani ya hadithi yenyewe kuna maziwa. Mtoto wa tembo amefiwa na mama, wanahangaika kumlisha, wanatafuta mbuzi wa kukamua. Mama yeyote aliyenyonyesha anaelewa kwa nini mtoto anakufuata. Unamfuata anayekulisha usiku na mchana. Hakuna aliyenyoosha kiganja akapendwa dakika moja.

Tulipokwenda Hifadhi ya Arusha mwaka juzi, binti yangu aliona twiga karibu kabisa na gari akataka kushuka amsalimie. Nikamwonyesha yule askari wa hifadhi anayetembeza wageni kwa miguu. Kavaa bunduki, anawapenda wanyama wale kuliko sisi wote, na anakaa mbali nao. Binti akanuna njia nzima mpaka Usa River. Sawa, anune.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: usivunje flashi, kaa naye. Hata nusu saa. Mwambie mbwa asiyemjua haendewi. Mbwa anayekula, aliyelala, mwenye watoto au aliyefungwa mnyororo haguswi hata kama ni wa shangazi. Mbwa akimjia, asikimbie wala asipige kelele, asimame kama mti, mikono mwilini, asimtazame machoni. Wangu nawaambia "fanya kama Hiccup, geuza uso," wanaelewa haraka kuliko nikisema kitu kingine chochote. Muvi ile ile iliyomponza yule mtoto ndiyo ninayoitumia kufundishia.

Na akishang'atwa au kukwaruzwa, hapa sasa naongea kama nesi, soma mara mbili. Osha na maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, kwa saa kabisa, siyo kwa kukadiria. Usiweke pilipili, majivu, mafuta ya taa wala unga wa betri, vyote nimeshavikuta kwenye vidonda. Kisha njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Atapewa chanjo siku ya kwanza, atarudi baada ya siku 3, siku ya 7, na kuendelea kwa ratiba atakayoandikiwa. Usiruke. Kichaa cha mbwa mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kujionyesha, na kikishajionyesha hatuna dawa ya kumrudisha mtoto. Hatuna. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 59,000 kwa mwaka, na kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wa kushukiwa, 40 kwa kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Ni watoto kwa sababu ndio wanaosogea.

Mbwa wenu wa nyumbani nao wachanjwe. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huwa wanachanja bure siku za karibu na hapo, ulizeni kwa afisa mifugo wa kata yenu.

Yule kijana wangu amemaliza sindano zake zote. Siku ya mwisho alikuja na mama yake, flashi haikuvunjwa, mama alicheka akasema alishindwa. Mtoto hakulia. Alichouliza, huku nampaka spiriti, ni kama na yule mbwa alichomwa. Yule mbwa hakuonekana tena mtaani, watu walimkimbiza kwa mawe jioni ile ile. Nilimwambia sijui, baba. Akasema, "Alikuwa anaogopa. Masikio yake yalikuwa yamelala hivi," akalaza viganja viwili juu ya kichwa chake.

Kumbe aliona.

Sehemu ya tano Jumapili, maswali ya mbwa na paka niwekeeni hapo chini.