Rufaa ya fidia ikianguka, sababu za uamuzi ndizo silaha

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wasema wahenga. Hekima hii yafaa uwanja wa mpira na mashindano ya ngonjera. Ni makosa kumliwaza nayo mfanyakazi aliyekatwa vidole na mashine kiwandani, akanyimwa fidia ya ulemavu, kisha rufaa yake ikatupwa. Wapo waikunjao barua ya uamuzi na kurejea mashambani wakiamini kwamba serikali imekwisha kusema. Ukweli ni kwamba njia zingali zipo, ila takriban zote zaanzia mahali pamoja: kujua kwa nini mtu alishindwa.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inakadiria malipo ya ulemavu wa kudumu kwa mapato ya miezi 96. Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa Sh20,000 kwa mwezi. Akipimwa kuwa na ulemavu wa asilimia 10, hesabu hiyo yampa Sh192,000. Akipimwa asilimia 20, yampa Sh384,000. Tarakimu moja katika ripoti ya daktari yaweza kuwa karo ya mtoto wa shule.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Mkurugenzi naye anapaswa kujibu kwa maandishi katika muda wa siku 14, tena atoe sababu. Mlalamishi akishapokea jibu hilo, ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirejesha vingi kati yavyo, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo wa pili. Kwa hivyo dai huanzia katika ofisi ya Mkurugenzi, na barua itokayo huko ndiyo msingi wa yote yafuatayo.

Je, rufaa ikianguka mahakamani? Hapo hapana budi kutofautisha aina za kushindwa. Iwapo pamepatikana ushahidi mpya muhimu ambao haungeweza kupatikana hapo awali hata kwa bidii, au iwapo hukumu ina kosa lililo dhahiri, mahakama iyo hiyo yaweza kuombwa kuupitia upya uamuzi wake. Iwapo jaji aliitafsiri sheria visivyo, njia ni Mahakama ya Rufaa, na ilani ya kukata rufaa sharti iwasilishwe katika muda wa siku 14 tangu uamuzi kutolewa. Tahadhari ni kwamba anayeshindwa tena huenda akaamriwa kulipa gharama za kesi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili yafaa abishe hodi kwanza kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Kwa upande mwingine, kama tatizo ni ofisi iliyokaa kimya au kuchelewesha faili, lipo lango la Mtetezi wa Wananchi, ambaye kaulimbiu ya ofisi yake ni kwamba hata mnyonge ana haki. Ofisi hiyo haichunguzi jambo ambalo lingali mbele ya mahakama. Aidha, kukosa fidia ya ajali hakumwondolei mtu haki zake nyingine. Bado aweza kuomba kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na Sheria ya Ajira ya 2007 yamkataza mwajiri kumbagua kwa sababu ya ulemavu wake.

Lakini mtu atachaguaje njia iwapo haelewi alichoandikiwa? Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, na cha 54 kinamhakikishia mwenye ulemavu lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano imfaayo. Haki hizi zaungana. Sababu zisizoeleweka na yule zinayemhusu ni sawa na sababu zisizotolewa.

Chukua maneno "ulemavu wa kudumu usio kamili". Msomaji wa kawaida aweza kudhani anaambiwa kwamba kilema chake si cha kweli, akakata tamaa. Katika sheria maana yake ni kwamba uwezo fulani umesalia, na kwamba yumkini ugomvi wote ni wa asilimia tu. Huyo hahitaji kuthibitisha upya kwamba aliumia. Ahitaji daktari atakayeeleza kwa nini kiwango kilichowekwa ni cha chini.

Idara husika, basi, yapaswa kutoa fomu na maamuzi yake kwa Kiswahili pia, na mwisho wa kila barua itaje hatua inayofuata na siku zilizosalia. Walimu nao wana sehemu yao. Tunawafunza wanafunzi kuandika barua rasmi kwa anwani na mtajo ulio sahihi, lakini ni mara chache tunapowafunza kuisoma barua inayowanyima kitu: kutafuta tarehe, sababu, na kifungu kilichotumiwa. Mwanafunzi mwenye ujuzi huo atamfaa mzazi wake kuliko shangazi na wajomba kumi wa kumpa pole. Siku 14 huhesabiwa, barua iwe imeeleweka au haikueleweka.