Nyaya za sola: tusitazame paneli peke yake

Misikiti na madrasa nyingi hivi sasa zinachangisha fedha za kuweka umeme wa jua. Haja yenyewe inafahamika: pampu ya kisima cha udhu, taa za darsa za usiku, na kipaza sauti kisichonyamaza umeme wa gridi unapokatika. Majumbani nako ni vivyo hivyo, hasa kwa akina mama wenye friji ya biashara. Michango ikitimia, wajumbe huketi na kujadiliana mambo mawili: paneli ngapi na betri ipi. Nyaya hutajwa mwishoni, na katika makadirio ya fundi aghalabu huwa ni mstari mmoja tu: "waya na vifaa vidogo vidogo", kisha jumla ya fedha.

Safu ya leo inauhusu mstari huo. Kamati isiyatie saini, wala mzee wa nyumba asiyalipie, makadirio yasiyotaja unene wa kila waya, urefu wake na madini yaliyomo ndani yake. Humo ndimo umeme unamopotelea, na humo ndimo moto unamoanzia.

Tuanze na unene. Waya hupimwa kwa eneo la shaba iliyomo ndani, kwa milimita za mraba: 1.5, 2.5, 4, 6, 10, 16 na kuendelea. Unene wa ganda la plastiki si kipimo, na baadhi ya nyaya hafifu huvishwa ganda nene ili zionekane za maana. Kila waya huuzuia umeme kwa kadiri fulani. Waya ukiwa mrefu, kizuizi huongezeka; ukiwa mnene, hupungua. Katika umeme wa gridi wa volti 230, kupotea kwa volti mbili au tatu njiani ni jambo dogo. Katika mfumo wa sola wa volti 12, volti tatu ni robo nzima.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Chukua urefu wa waya kwa mita, kwenda na kurudi. Zidisha kwa ampea zinazopita. Zidisha kwa 0.0175, ambayo ni kadiri ya kizuizi cha shaba. Kisha gawanya kwa milimita za mraba za waya. Jibu utakalopata ni volti zinazopotea njiani.

Tuchukue mfano. Paneli ziko juu ya paa, betri ziko stoo umbali wa mita 20, mfumo ni wa volti 12 na zinapita ampea 10. Kwa waya wa milimita 2.5, ule ule unaotumika kwenye soketi za nyumba, zitapotea volti 2.8, yaani takriban asilimia 23. Kwa waya wa milimita 6 zitapotea volti 1.2 hivi, karibu asilimia 10. Hata waya wa milimita 16 utapoteza zaidi kidogo ya asilimia 3, ambayo ndiyo kadiri ambayo mafundi makini hupenda wasiivuke.

Hasara hiyo haiishii kwenye mwanga hafifu. Betri ya risasi ya volti 12 huhitaji takriban volti 14.4 ili ijae. Paneli nayo, ikipata joto la mchana, hupungua volti zake. Zikiondoka nyingine mbili au tatu njiani, betri haitajaa hata siku moja, na betri isiyojaa hufa kabla ya wakati wake. Kamati italaumu betri, itanunua nyingine, na hiyo nayo itakufa kwa ugonjwa ule ule.

Habari njema ni kwamba dawa si lazima iwe waya wa bei kubwa. Betri zikisogezwa hadi mita 10 kutoka kwenye paneli, waya wa milimita 10 unatosha kubaki chini ya asilimia 3. Mfumo ukiwa wa volti 24 badala ya 12, nguvu ile ile hupita kwa ampea 5 tu, na waya wa milimita 6 kwa zile mita 20 hupoteza asilimia 2.4. Kwa hiyo mahali pa betri pajadiliwe kabla ya kununua chochote. Pawe karibu na paneli, pawe na hewa, na pasiwe chumba wanacholala watu wala wanachochezea watoto.

Sehemu ya pili ni waya baina ya betri na inveta. Waya huu ni mfupi, hivyo hudharauliwa, ilhali ndio unaobeba mzigo mkubwa kuliko yote. Inveta ya wati 1,000 katika betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 83. Waya wa soketi hauwezi kubeba hayo: utapata moto, ganda litayeyuka, na chochote kilicho jirani kinaweza kuwaka. Hapo panahitajika waya wa milimita 25 au 35, mfupi kadiri iwezekanavyo, na fyuzi iliyowekwa karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, basi isizidi uwezo wa waya huo. Fundi anayebadilisha fyuzi kwa kipande cha waya ameondoa kinga yote.

Sehemu ya tatu ni paa. Waya wa ndani ya nyumba haukutengenezwa kwa jua. Baada ya muda ganda lake hukauka na kupasuka. Waya wa sola una ganda la tabaka mbili linalostahimili jua, na kwa kawaida huandikwa ubavuni EN 50618, H1Z2Z2-K au IEC 62930. Wajumbe wasome maandishi hayo wenyewe dukani. Kadhalika sakiti breka iwe ya umeme wa DC. Umeme wa gridi hufika sifuri mara 100 kwa kila sekunde, hivyo cheche yake huzimika upesi. Umeme wa paneli hauna pumziko hilo. Cheche yake huendelea kuwaka, na breka ya gridi inaweza kushindwa kuikata.

Jambo la nne ni udanganyifu. Zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu na kuuzwa kama shaba tupu. Alumini huzuia umeme mara 1.6 hivi kuliko shaba, hivyo hesabu yote niliyoonyesha huharibika. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo si shaba tupu. Uzito pia hutoa ushahidi, kwa kuwa shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini.

Najua katika kikao atasimama mjumbe aseme fedha hazitoshi. Hoja yake ni ya haki na inastahili jibu. Ikiwa hapana budi kupunguza, punguzeni paneli moja, msipunguze waya. Paneli huongezwa mwakani kwa mchango mwingine. Waya uliokwisha kufukiwa ukutani haubadilishwi bila kubomoa. Tena mchangiaji anaziona paneli juu ya paa, lakini haoni kilichomo ndani ya bomba la waya. Hapo macho yake ni sisi wanakamati, na fedha yake ni amana mikononi mwetu.

Basi makadirio yakiletwa, yaulizwe haya na majibu yaandikwe: kila waya ni wa milimita ngapi, mita ngapi, shaba au alumini, zinapita ampea ngapi na zinapotea volti ngapi, fyuzi na breka ni za ampea ngapi, na je, ni za DC, na fundi ana leseni ya EWURA ya kufunga umeme? Fundi anayeijua kazi yake atayajibu bila kinyongo. Karatasi hiyo iwekwe kwenye jalada la kamati pamoja na risiti na mchoro wa njia za nyaya, ili atakayekuja kufanya matengenezo baada yetu ajue kilichomo ukutani kabla hajashika koleo.