Doo za Pentagon kwa Makampuni Madogo: Sheria Ikikwama, Nani Huumia?
Unaijua Roomba, ile roboti ya kufagia nyumba? Kampuni yake, iRobot, ndio pia ilitengeneza PackBot ya kutegua mabomu Iraki na Afghanistan. Kati ya waliowashika mkono ni SBIR, mpango wa Marekani wa tangu 1982: kampuni yenye wafanyikazi wasiozidi 500 inalipwa na serikali kujaribu teknolojia mpya, hata za kijeshi. Si mkopo, na serikali haidai hisa.

Sasa cheki venye iliharibika. Tarehe 30 Septemba 2025 sheria iliisha muda Congress bado wanavutana. Kandarasi mpya zikasimama. Lockheed Martin ina akiba, itangoja. Lakini msee mwenye mainjinia watano atawalipa na nini mwisho wa mwezi? Wakitoka, wanatoka na hiyo idea.