Motown Wamepata Mchezo Wao, Equator Je?

Wapenzi wa muziki wa soul bila shaka wamesikia habari za mchezo uitwao "Motown: The Musical". Ulifunguliwa mjini New York mwezi wa Aprili 2013, mwaka uliofuata ukaanza kuzungushwa katika miji mingine ya Marekani, na mwaka wa 2016 ukafika London. Ndani yake mna nyimbo zaidi ya 50, na shujaa wake si mfalme wala jemadari wa vita. Ni kampuni ya santuri.

Mimi nasema hivi: kama kampuni ya santuri yaweza kujaza jumba la michezo usiku baada ya usiku, basi sisi wa Kenya, na hasa sisi wa Kakamega, tunalala juu ya mali.

Bw. Berry Gordy aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari mjini Detroit. Mwaka wa 1959 alikopa dola 800 kutoka kwa jamaa zake, akaanzisha kampuni katika nyumba ya kawaida. Humo walipita Smokey Robinson, Diana Ross, Marvin Gaye na Stevie Wonder aliyekuwa bado mtoto. Mwaka wa 1988 kampuni iliuzwa kwa dola milioni 61. Hadithi tamu, wala sishangai kwamba watu walilipa viingilio.

Lakini ndugu msomaji, maneno ya mchezo huo yaliandikwa na Bw. Gordy mwenyewe, kutokana na kitabu alichoandika juu ya maisha yake. Mwenye duka ndiye aliyetunga hadithi ya duka. Na wale wapigaji wa gitaa, ngoma na piano waliojiita Funk Brothers, ambao sauti yao imo katika karibu kila santuri ya Motown ya miaka ya 1960, majina yao hayakuwa yakiandikwa kwenye majalada mpaka mwaka wa 1971. Kampuni ilipohamia Los Angeles mwaka wa 1972 wengi wao waliachwa nyuma. Ilibidi wangoje filamu ya mwaka wa 2002 ndipo ulimwengu uwajue, na wakati huo baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa.

Nalitaja jambo hili kwa sababu nasi tulikuwa na nyumba yetu ya namna hiyo. Wazee wanaikumbuka: Equator Sound ya Nairobi, iliyoongozwa na Mwingereza, Bw. Charles Worrod, katika miaka ya 1960. Nayo ilikuwa na bendi yake ya nyumbani, na wanabendi walisaidiana katika santuri za kila mmoja. Hebu watazame watu wenyewe. Fadhili William alitoka Taita. Fundi Konde alikuwa mtu wa Pwani. Nashil Pichen na Peter Tsotsi walitoka Zambia. Na Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka wa 1939, asili yake ni huku Vihiga, ambayo wakati ule ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kakamega. Watu hawa waliimba kwa Kiswahili kilichoeleweka kila mahali, wakaichukua twist ya Wamarekani na kuifanya yao, hata Kabaka akaitwa mfalme wa twist.

Na nyimbo zao hazikubaki Nairobi. "Helule Helule" ya Kabaka ilichukuliwa na kundi la Uingereza, The Tremeloes, mwaka wa 1968, ikapanda mpaka nambari 14 katika orodha ya huko. "Malaika", iliyojulikana kwa sauti ya Fadhili William, iliimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, kisha Boney M wakaiimba mwaka wa 1981. Kuna Mtanzania naye, Adam Salim, anayetajwa kuwa ndiye mtungaji hasa wa wimbo huo, na ubishi wenyewe haujaisha hadi leo. Je, mtunzi wa michezo ataka nini zaidi? Furaha imo, safari imo, mapenzi yamo, na ugomvi juu ya mali umo. Fadhili na Kabaka wote wawili walifariki mwaka mmoja, 2001.

Kwa hiyo ukitungwa mchezo wa Equator, usitazame kutoka dirisha la ofisi ya mwenye kampuni. Bw. Worrod apewe nafasi yake, maana bila mitambo yake huenda tusingekuwa na santuri hizo. Lakini katikati ya jukwaa wasimame wapiga gitaa.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kwa sheria ya Kenya ya haki za utungaji, rekodi hulindwa kwa miaka 50, lakini utungo wenyewe hulindwa mpaka miaka 50 baada ya kifo cha mtungaji. Maana yake ni kwamba santuri nyingi za miaka ya 1960 zimekwisha kutoka katika ulinzi, lakini tungo za Kabaka bado ni mali yenye wenyewe hadi mwisho wa mwaka wa 2051. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Wanasema, "Huo ni wimbo wa zamani, ni wa kila mtu." Si kweli hata kidogo.

Nami ningependa mchezo huo uanzie hapa Kakamega, usianzie Nairobi. Kabla ya twist huku kulikuwa na gitaa la omutibo, na bingwa wake, marehemu George Mukabi aliyefariki mwaka wa 1963, alikuwa mtu wa Kisa. Mwenzake mmoja akigonga chupa ya soda, gitaa moja kavu lilitosha kuwainua watu vitini. Kuna na isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiandika mwaka wa 2014 miongoni mwa mila zinazohitaji kuokolewa upesi. Mtu aliyewahi kufuata fahali na isukuti mpaka uwanja wa Malinya hahitaji kufundishwa jinsi ya kutazama mchezo. Jumba la mazulia si lazima. Gari, jukwaa la mbao na vipaza sauti vyatosha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizunguka nchi namna hiyo katika miaka ya 1970, bila kumtoza mtu senti.

Katiba ya mwaka wa 2010 imekabidhi shughuli za utamaduni na burudani kwa serikali za kaunti. Basi fungu litafutwe. Lakini kabla ya kukodi gari na vipaza sauti, barua ya kwanza iende kwa jamaa za watungaji, iwaulize kama wanakubali, na iwaeleze watalipwa kiasi gani kwa kila usiku.